Maji Yaliyomo Ukutani

Nyumba ikishakauka, hakuna anayekumbuka kwamba ilijengwa kwa maji. Mpita njia huona tofali, saruji, bati na rangi. Ukimwuliza nyumba hii imejengwa kwa vitu gani, atavitaja hivyo, na kama ni fundi atataja pia kokoto, mchanga na nondo. Maji hatayataja. Yamefyonzwa na udongo, yamepanda hewani, au yameungana na saruji yasiweze kutengana nayo tena. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yale ya ukutani hayazoleki, na juu ya hayo hayaonekani.

Watu wa bonde la Lukuledi na uwanda wa Makonde tuna historia ndefu ya kujenga kwa maji ambayo hayakuwa karibu nasi. Kwa hiyo niliposikia kwamba siku hizi wataalamu wa dunia wanapima maji yaliyotumika katika kutengeneza bati au mfuko wa saruji, na kwamba viwanda vinatakiwa kuyatangaza, habari hiyo haikunipita kama habari za mbali. Niliona ni swali letu wenyewe, limevaa nguo nyingine. Katika kurasa hizi nataka kulieleza swali hilo kwa kufuata historia yetu, kisha nieleze mahali ambapo, kwa maoni yangu, hesabu ya wataalamu inaishia njiani.

Msomaji asiyeijua sehemu hii yafaa aelezwe kwanza hali ya nchi. Ukipita Masasi, penye vilima vya mawe vilivyosimama kama mafiga, ukapanda kwenda Newala, unafika kwenye uwanda ulioinuka mamia ya mita juu ya bonde la Ruvuma. Mvua huko juu si haba. Lakini ardhi ni ya kichanga. Mvua inyeshapo, mchanga huinywa yote, na maji hujitokeza tena chini kabisa, kwenye chemchemi za ukingoni na mabondeni. Juu hakuna mto wa kudumu. Hata Mto Lukuledi wenyewe, ambao huteremka hadi baharini Lindi, huku kwetu karibu na chanzo chake kiangazi huwa ni mchanga, na atakaye maji huyafukua.

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtafiti wa mila kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi na Newala akakaa na kuandika aliyoyaona. Miongoni mwa aliyoyaandika ni simulizi ya Wamakonde juu ya asili yao. Mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, na sanamu ikawa mwanamke. Walipokaa karibu na maji, watoto wao walikufa. Walipopanda juu, mbali na maji, wakapata mtoto aliyeishi. Ndipo wakawausia wazao wao wasikae mabondeni, kwani huko kuna maradhi na kifo. Tukifikiria malaria na vita vya karne ile, tunaona kwamba wosia huo haukuwa upuuzi. Wazee walichagua usalama, na gharama ya uchaguzi huo ililipwa kila siku na vichwa vya wanawake waliopanda mlima na mitungi.

Wageni nao walijifunza somo la maji kwa njia yao. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza alileta watu waliokombolewa utumwani wakakaa Masasi mwaka 1876. Wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani walifungua misheni Lukuledi mwaka 1895. Vita vya Maji Maji vilipofika mwaka 1905, misheni ya Lukuledi na ile ya Nyangao ziliteketezwa. Mwaka uliofuata Wabenediktini walianza upya Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda, penye chemchemi. Atazamaye majengo makubwa ya Ndanda leo, kanisa, hospitali na karakana, na atazame pia mahali yalipowekwa. Majengo ya namna hiyo hayasimami pasipo na maji.

Na wenyeji walijengaje? Kwa miti, fito na udongo. Nyumba ya kukandika nayo hunywa maji mengi, tusidanganyane. Ila wazee wetu waliijua kalenda. Miti ilikatwa kiangazi, na kukandika kuliwekwa katika miezi ya mvua au mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, wakati madimbwi bado yana maji na udongo wenyewe umelowa. Maji yalichukuliwa pale yalipokuwa karibu na wakati yalipokuwa mengi. Hakuna aliyeandika hesabu, lakini hesabu ilikuwapo.

Tofali la kuchoma liliivunja kalenda hiyo. Tofali haliwezi kufyatuliwa masika, kwani mvua italiharibu kabla halijakauka. Hufyatuliwa kiangazi. Na kiangazi ndio wakati visima vimekwenda chini na foleni ya ndoo imekuwa ndefu. Saruji ikaja na mwendo huo huo, kwa sababu nyingine. Fedha ya mkulima wa Masasi na Newala ni ya korosho, na korosho huvunwa na kuuzwa kuanzia kama Oktoba, mwishoni mwa ukame. Mtu akipata fedha, ndipo anaponunua mifuko ya saruji na kumwita fundi. Kwa hiyo nyumba ya kisasa huku kwetu huanza kunywa maji katika miezi ile ile ambayo hata binadamu hupata shida kuyapata.

Huko Newala watu walitangulia kuijua bei ya maji. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Shirika la Maji la Makonde, lililosukuma maji kwa mitambo kutoka bondeni hadi juu, na wananchi wakayanunua kwa debe kwenye vituo. Baada ya uhuru, serikali ilitaka maji ya vijijini yawe huduma ya bure, na mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka ishirini wa kumpatia kila mwananchi maji. Nchi ya Finland ilisaidia miradi ya mikoa ya Mtwara na Lindi kuanzia miaka hiyo ya 1970. Mashine zilipokuwa nzima, wananchi walinufaika. Zilipokosa mafuta au vipuri, mama alirudi kwenye njia ya bondeni. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka wazi kwamba mtumiaji achangie gharama. Basi katika umri wa mtu mmoja maji yalikuwa na bei, yakawa bure, yakawa na bei tena. Lakini katika hesabu ya ujenzi yaliendelea kuwa sifuri siku zote.

Hilo nalifahamu kwa sababu nimejenga sana. Mwalimu wa kizazi changu alitoka chuo cha ualimu akiwa na chaki mkono mmoja na kibao cha kufyatulia matofali mkono wa pili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitutaka tuwaingize watoto wote shuleni, na ilipofika mwaka 1977 madarasa yalihitajika haraka kuliko fedha zilivyopatikana. Yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Sifa ya kazi ile ni kubwa na siifichi. Mamia ya wasomi wa mkoa huu walijifunza kusoma ndani ya kuta zile.

Nilipofundisha hesabu darasa la saba nilipenda kuwapa watoto swali lifuatalo. Tuseme tofali moja la kufyatua linakula lita moja ya maji, pamoja na yanayomwagika. Darasa moja lichukue matofali 10,000. Ndoo ni ya lita 20. Kisima kiko mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Je, ni ndoo ngapi, na ni saa ngapi za kazi? Watoto hawakuchelewa: ndoo 500, saa 1,000. Ukiigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, ni siku 125. Walichelewa kwenye swali la mwisho, nililoliandika chini ya mstari: siku hizo 125 ni za nani? Wavulana walitazamana. Wasichana walijua.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002, ulileta jambo moja zuri ambalo halijasifiwa vya kutosha. Fedha za ujenzi zilikabidhiwa kamati ya shule, na hesabu zake zikatakiwa kubandikwa ubaoni ili kila mzazi azisome. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo. Tulibandika saruji mifuko kadhaa, bati kadhaa, misumari, mbao, ujira wa fundi. Chini yake, kwa desturi iliyokuwapo tangu siku za kujitegemea, paliandikwa michango ya wananchi: mawe, mchanga, maji. Mama mmoja aliusoma ubao ule akanijia. “Shikamoo mwalimu,” akasema, “mchanga umeandikwa tripu tatu, mawe tripu mbili. Maji yameandikwa maji tu.”

Kamati ilikaa, na tukafungua daftari. Kila ndoo iliyofika ilitiwa mstari mbele ya jina la aliyeileta. Lilipojaa, daftari lile lilifundisha mambo ambayo hakuna semina ingeyafundisha. Kaya kadhaa zilizosomwa mkutanoni kwa jina la baba kuwa zimetoa mchango wao, zilikuwa zimeutoa kichwani mwa mama na binti. Na siku ambazo mistari ilikuwa mingi, rejista ya mahudhurio ya wasichana ilikuwa na mapengo. Tangu hapo ndoo zilihesabiwa kama mchango kamili, na aliyetoa ndoo hakudaiwa fedha.

Sasa twende kwa wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanazuoni wa London, John Anthony Allan, alieleza kwamba nchi kame ikinunua ngano kutoka nje, huwa imenunua pia maji yaliyoiotesha, ingawa mfuko wa ngano ni mkavu. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm kwa wazo hilo. Mwaka 2002 Mholanzi Arjen Hoekstra alilifanya wazo hilo kuwa kipimo, akakiita unyayo wa maji: jumla ya maji yote yaliyotumika kuanzia mwanzo wa kitu hadi kimfikie mtumiaji. Aliyagawa kwa rangi. Ya buluu ni ya mito, maziwa na visima. Ya kijani ni ya mvua iliyohifadhiwa na udongo na kunywewa na mimea. Ya kijivu ni yale yanayohitajika ili uchafu uliomwagwa upungue hadi usidhuru.

Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba 14046, kinachoeleza namna ya kupima na kutangaza unyayo huo. Kwa vifaa vya ujenzi, Ulaya ilikuwa tayari na kiwango chake tangu mwaka 2012, namba EN 15804, kinachoongoza tamko la mazingira la bidhaa. Tamko hilo linafanana na karatasi inayobandikwa kwenye kopo la chakula kueleza kilichomo. Tofauti ni kwamba hili hueleza nishati, moshi, taka na maji yaliyotumika kutengeneza bidhaa.

Kupima huku si kazi rahisi kama inavyosikika. Chukua chuma, mama wa bati na nondo. Shirika la Chuma Duniani lilieleza kwamba kiwanda kinachoyeyusha chuma kutoka kwenye mawe yake huingiza kwa wastani mita za ujazo zipatazo 28 za maji kwa kila tani, na hutoa takribani 25 kurudi nje. Maji mengi ni ya kupoozea mitambo. Je, utangaze 28 au utangaze tatu? Mwenye kiwanda angependa tatu, jirani wa mto angependa 28. Ukweli ni kwamba namba zote mbili zinahitajika: yaliyochotwa, na yasiyorudi. Tena inapasa kusemwa yaliyorudi yamerudi yakiwa na hali gani, ya moto au ya baridi, safi au machafu.

Zege nalo lina habari yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Sabbie Miller, Arpad Horvath na Paulo Monteiro wa California ulikadiria kwamba katika mwaka 2012 zege lilichukua asilimia 9 hivi ya maji yote yaliyochotwa na viwanda duniani. Ulieleza pia kwamba ifikapo mwaka 2050, robo tatu ya maji yatakayohitajiwa na zege yatahitajiwa katika sehemu zinazotazamiwa kuwa na uhaba wa maji. Kwa maneno mengine, watakaojenga zaidi ni wale wenye shida ya maji zaidi.

Hapa ndipo ninapoona hesabu inaishia njiani. Matamko mengi ya saruji huhesabu kuanzia machimbo hadi lango la kiwanda. Lakini saruji ikiwa mfukoni bado ni unga mkavu. Kazi yake ya kweli huanza inapokutana na maji, na mkutano huo hufanyika nje ya lango, kwenye kiwanja cha mjenzi. Ili igeuke jiwe, saruji huyafunga ndani yake maji yapatayo robo ya uzito wake. Ili fundi aweze kuikoroga na kuimimina, maji kwa kawaida hufika kama nusu ya uzito wake. Mfuko wa kilo 50 basi hutaka lita 25 hivi. Kisha ukuta au sakafu inatakiwa kumwagiliwa angalau siku saba, la sivyo inapasuka na kuwa dhaifu.

Kiwanda cha Dangote kilichopo Msijute, Mtwara, kilianza uzalishaji mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa kutengeneza tani milioni 3 za saruji kwa mwaka. Nafurahi kuwa nacho, maana zamani saruji yetu ilitegemea meli na barabara ya matope. Lakini hebu tufanye ile hesabu ya darasa la saba. Tani milioni 3 zikikorogwa kwa maji nusu ya uzito wake ni lita bilioni 1.5, yaani ndoo milioni 75, kabla ya kumwagilia ukuta hata mmoja. Hakuna hata ndoo moja kati ya hizo inayopita langoni mwa kiwanda. Zinatoka kwenye visima na mabomba ya wanunuzi, popote walipo.

Wataalamu wamejitahidi pia kutofautisha lita na lita. Siku hizi kuna njia ya kukokotoa inayompa mtumiaji wa maji uzito kulingana na uhaba wa mahali: lita moja ya sehemu kame inaweza kuhesabiwa hadi mara mia, na ya sehemu yenye neema ikahesabiwa kama sehemu ya kumi ya lita. Waswahili walikwisha kusema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ila ramani ya namna hiyo hutazama bonde zima, mvua yake na matumizi yake. Uhaba wa Newala hausababishwi na mvua wala na wingi wa viwanda. Maji yapo, lakini yako chini na watu wako juu. Hakuna ramani ya bonde inayohesabu mlima ulioko kati ya chemchemi na kichwa cha mwenye ndoo, wala inayohesabu kwamba ndoo hiyo ilitolewa Oktoba badala ya Machi.

Sisemi kwamba tuache kujenga kwa saruji turudi kwenye fito. Nimelala katika nyumba zote mbili na ninajua mchwa wanapendelea ipi. Ninachotaka ni kwamba kutangaza kusiishie langoni. Mfuko wa saruji ueleze maji yaliyotumika kuutengeneza, na ueleze pia maji utakayodai ukifunguliwa. Mjenzi naye aandike maji yake yametoka wapi, mwezi gani, na nani aliyeyaleta.

Mengine yako mikononi mwetu. Siku hizi maji ya Mbwinji yanafika Masasi na Nachingwea, na palipo na bomba pana mita, yaani kipimo kimekwisha kufika. Pasipo na bomba, jengo la kwanza la shule lifungwe mifereji na tanki, ili paa la kwanza lichume mvua ya kujengea darasa la pili. Tofali la udongo na saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine, kama yale ya kufungamana yanayohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hutaka udongo wenye unyevu tu, si tope. Ukuta uliofunikwa magunia yaliyolowa hushika maji muda mrefu kuliko ule unaorushiwa ndoo juani. Na kamati za ujenzi zinazoketi leo, wanapochora jedwali la gharama, waongeze safu moja ya maji, yenye idadi ya ndoo na majina, na jedwali hilo walibandike mahali ambapo wenye majina hayo wanaweza kulisoma.